Choike Si Mbuni Mdogo: Maelezo juu ya Ndege wa Patagonia na Jina Lake katika Kiswahili

Miongoni mwa kazi zinazomkabili mtu anayetunga kamusi au anayefasiri vitabu vya elimu ya viumbe, hakuna iliyo nyepesi kwa kutazama na nzito kwa kutenda kama kazi ya kuwapa majina wanyama na ndege wasiopatikana katika nchi zetu. Mfasiri hulikuta neno geni, akaitazama picha iliyo kando yake, akaona kiumbe afananaye na mmoja tumjuaye. Basi huandika jina la huyu tumjuaye, akaongeza sifa moja ya kumtofautisha, na kazi ikawa imekwisha. Walakini mara nyingi jina la namna hiyo hubeba ndani yake kosa lisiloonekana ila baada ya miaka mingi, litakapokuwa limekwisha kuota mizizi.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza habari za ndege mmoja wa Amerika ya Kusini, ambaye wataalamu humwita Rhea pennata, kisha kulizungumzia suala la jina lake katika Kiswahili. Tumemchagua ndege huyu kwa kuwa jina ambalo humjia msemaji wa Kiswahili mara tu aonapo picha yake, yaani "mbuni mdogo wa Amerika", lina hitilafu tatu, na kila moja katika hitilafu hizo iliwahi kuwapotosha wataalamu wa Ulaya kabla yetu. Kwa sasa tutamwita choike, na sababu za kulipendelea jina hilo zitaelezwa mbele.

Ndege mwenyewe

Choike ana makao ya namna mbili. Ya kwanza ni Patagonia, yaani nyanda za kusini mwa Ajentina na Chile, nchi kavu yenye upepo mkali, majani magumu yaotayo kwa mafungu, na vichaka vifupi. Ya pili ni nyanda za juu za milima ya Andes, ziitwazo puna, pale zikutanapo nchi za Peru, Bolivia, Chile na Ajentina. Huko choike huishi mahali penye kimo cha mita 3,500 na zaidi juu ya bahari, penye baridi kali usiku na jua kali mchana. Zaidi ya hayo, mwaka 1936 watu walimpeleka katika kisiwa kikubwa cha Tierra del Fuego, kilichoko kusini kabisa mwa bara hilo.

Kimo chake ni kiasi cha mita 1, na uzito wake ni baina ya kilo 15 na 28. Mbuni dume aliyekomaa aweza kupita mita 2.5 kwa kimo na kilo 100 kwa uzito, hivyo tofauti ya maumbo yao si ndogo. Rangi ya choike ni kijivu iliyochanganyika na hudhurungi, na manyoya ya mgongoni yana ncha nyeupe, hata huonekana kana kwamba amenyunyiziwa chokaa. Hawezi kuruka, kwa maana mfupa wa kidari chake hauna ule ukingo uliochongoka mithili ya mkuku wa jahazi, ambao katika ndege warukao ndio ushikao misuli ya mabawa. Walakini mabawa yake ni makubwa akilinganishwa na ndege wengine wasioruka, naye huyatumia akimbiapo: hutanua bawa la upande mmoja akageuka ghafula, kisha la upande wa pili akageuka tena, hata anayemfukuza akapitiliza. Mbio zake hufika kilometa 60 kwa saa.

Alama mbili zafaa kukumbukwa, maana tutazirudia. Kwanza, choike ana vidole vitatu katika kila mguu, ilhali mbuni anavyo viwili tu. Pili, manyoya yake huteremka chini ya goti yakafunika sehemu ya juu ya muundi. Alama hii ya pili ndiyo iliyompa jina lake la kitaalamu: pennata ni neno la Kilatini lenye maana ya "mwenye manyoya". Kwa muda mrefu wataalamu wengine walimweka katika jenasi ya peke yake, Pterocnemia, jina lililoundwa kwa maneno mawili ya Kiyunani, moja la manyoya au bawa na jingine la muundi.

Chakula chake kikubwa ni majani, vichipukizi na mbegu, na pamoja na hivyo hula wadudu na wanyama wadogo watambaao. Nje ya majira ya kuzaa huenda kwa makundi ya ndege 5 hadi 30. Yafikapo majira ya kuzaa, makundi huvunjika, na kila dume hujitafutia mahali pake. Dume hutengeneza kiota chini, katika kishimo kifupi kilichotandikwa majani makavu, na majike kadha wa kadha hutaga mayai humo mmoja baada ya mwingine. Kwa sababu hiyo kiota kimoja huweza kuwa na mayai 5 tu, au kikafika mayai 55. Baada ya kutaga, jike hana kazi tena hapo. Dume peke yake ndiye aatamiaye mayai kwa muda wa siku 30 hadi 44, na ndiye awaleaye makinda. Hapo tena twaona tofauti na mbuni, ambaye dume wake huatamia usiku na jike huatamia mchana.

Majina aliyopewa na wenyeji

Watu waliokaa na ndege huyu tangu kale walimwita kwa majina yao wenyewe. Wamapuche, ambao lugha yao ni Mapudungun, humwita choyke, na Wahispania wa Ajentina na Chile wamelipokea neno hilo wakaliandika choique. Katika nyanda za juu, wasemao Kikechua na Kiaimara humwita suri. Ndugu yake aliye mkubwa zaidi, Rhea americana, akaaye nyanda za majani za kaskazini na mashariki, huitwa kwa Kiguarani ñandu guasu, yaani "buibui mkubwa", kwa kuwa ñandu kwa lugha hiyo ni buibui. Kutokana na neno hilo Wahispania wamepata ñandú, Wafaransa nandou, na Wajerumani Nandu.

Majina haya hayakukaa midomoni tu. Wamapuche huziita nyota nne za Msalaba wa Kusini Pünon Choyke, yaani unyayo wa choike; na mtu akikumbuka kwamba ndege huyu ana vidole vitatu na kisigino nyuma yake, ataona mara moja jinsi alama ya mguu wake mchangani ilivyoweza kuhamishwa mbinguni. Kadhalika wana ngoma iitwayo choyke purun, ambayo wanaume huicheza wakiiga mwendo wa choike na mitikisiko ya shingo yake. Kule Bolivia pana ngoma ya suri sikuri, ambayo wachezaji wake huvaa kofia pana mno za manyoya ya suri. Jina la ndege, basi, limeingia katika elimu ya nyota na katika ibada na sherehe za watu. Mtu alifutaye jina hilo na kuweka "mbuni" hafuti neno moja tu, bali hukata pia uzi uunganishao mambo hayo yote.

Majina aliyopewa na wageni

Wageni wa Ulaya walitenda kama mfasiri tuliyemtaja mwanzo. Wahispania walipomwona ndege mkubwa asiyeruka, wakamwita avestruz, ambalo ni jina lao la mbuni. Wareno wa Brazili walimwita yule mkubwa ema. Neno hili la ema lina habari ya kupendeza kwa wanafunzi wa Kiswahili, kwa sababu baadhi ya wataalamu wa asili ya maneno wamelinasibisha na neno la Kiarabu naama, ambalo maana yake ni mbuni. Wareno hao walilitumia kwa ndege warefu wa namna mbalimbali, na jina la emu, ndege wa Australia, limetokana na neno hilohilo. Hivyo jina moja limezunguka dunia likimfuata kila ndege mrefu aonekanaye na mabaharia, bila ya kuuliza huyu ni nani.

Wataalamu nao hawakusalimika. Mwaka 1758 Linnaeus alimtia yule mkubwa katika jenasi moja na mbuni, akamwita Struthio americanus. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1760, Mfaransa Brisson alimtenga, akampa jenasi yake mwenyewe kwa jina la Rhea, mungu wa kike wa Wayunani. Mbuni mwenyewe alibaki kuwa Struthio camelus, na katika jina hilo lake mna kumbukumbu ya desturi ya kale ya kufananisha: Wayunani walimwita kwa neno lenye maana ya "ndege-ngamia", na Waajemi humwita shuturmurgh, ambalo maana yake ni hiyohiyo.

Kosa la Port Desire

Hitilafu ya pili, ile ya neno "mdogo", ina kisa chake mashuhuri. Charles Darwin alipokuwa katika nchi za mto Rio Negro mwaka 1833, wachungaji wa ng'ombe wa huko, waitwao gaucho, walimweleza habari za ndege adimu waliyemwita avestruz petise. Neno petise katika Kihispania cha nchi hizo lina maana ya mfupi. Walisema kwamba yeye ni mdogo kuliko yule wa kawaida, mwenye rangi nyeusi zaidi, miguu mifupi, na manyoya yanayoshuka chini zaidi miguuni. Darwin alitamani sana kumpata, asimpate.

Mwishoni mwa mwaka huo na mwanzoni mwa mwaka 1834 merikebu yao, Beagle, ilitia nanga Port Desire, katika pwani ya Patagonia. Hapo Conrad Martens, aliyekuwa mchoraji wa merikebu, alimpiga risasi ndege mmoja. Darwin alimtazama, akadhani ni yule wa kawaida ambaye hajakomaa. Ndege akapikwa, akaliwa. Ndipo Darwin alipokumbuka maneno ya wale gaucho. Kwa bahati kichwa, shingo, miguu, mabawa, manyoya mengi makubwa na sehemu kubwa ya ngozi vilikuwa havijatupwa, akavikusanya na kuvipeleka London. Huko, mwezi Machi 1837, John Gould aliwaeleza wataalamu kwamba huyu ni ndege mbali, akampa jina la Rhea darwinii. Lakini Mfaransa Alcide d'Orbigny alikuwa amekwisha kumwandika tangu mwaka 1834 kwa jina la pennata. Na kwa kuwa kanuni ya wataalamu humpa haki aliyetangulia, jina la d'Orbigny ndilo lililobaki.

Kisa hiki si cha kuchekesha tu. Darwin aliona kwamba kaskazini ya Rio Negro hukaa yule mkubwa, na kusini yake huyu mfupi, nao ni wa jamaa moja, kila mmoja akishika nafasi ya mwenziwe. Jambo hilo lilikuwa mojawapo ya mambo yaliyomfanya aanze, mwaka 1837, kufikiri kwamba aina za viumbe huweza kutokana moja na nyingine. Naye alilirudia katika kitabu chake cha mwaka 1859 juu ya asili ya viumbe, akionyesha kwamba nyanda za kusini za Amerika zina aina mbili za Rhea zikaazo jirani, wala hazina mbuni wa Afrika wala emu wa Australia, ijapokuwa nchi hizo zimo katika latitudo zilizo sawa. Kwa ufupi, hoja yake yote ilitegemea kwamba ndege hawa si mbuni. Mwenye kukifasiri kitabu hicho kwa Kiswahili akaandika "mbuni wa Amerika" na "mbuni wa Afrika" atakuwa ameivunja hoja ya mwandishi kwa maneno yaleyale ayatumiayo kuieleza.

Undugu wake na mbuni

Yawezekana mtu akasema kwamba, hata hivyo, mbuni na choike ni ndugu, kwa hiyo jina moja si kosa kubwa. Jibu la wataalamu wa leo ni kwamba undugu upo, lakini si wa karibu kama macho yaonyeshavyo. Zamani ilidhaniwa kwamba ndege wote wakubwa wasioruka walitokana na babu mmoja asiyeruka, na kwamba mabara yalipoachana kila bara lilichukua fungu lake. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2008, na mwingine wa mwaka 2014, umeibadili fikira hiyo. Mbuni ndiye aliyejitenga kwanza katika ukoo huo. Choike na wenziwe wako karibu zaidi na emu na kiwi, na hata na tinamu, ndege wadogo wa Amerika wafananao na kwale, ambao huruka. Kwa maneno mengine, uwezo wa kuruka ulipotea zaidi ya mara moja, na kufanana kwa mbuni na choike kwatokana kwa sehemu kubwa na maisha yao ya kukimbia katika nchi za wazi.

Suala la jina katika Kiswahili

Sasa twaweza kulipima jina la "mbuni mdogo wa Amerika". Neno la kwanza ni kosa la Linnaeus. Neno la pili ni kosa la Port Desire, tena katika Kiswahili kosa hilo ni baya zaidi, kwa kuwa "mbuni mdogo" kwa kila msemaji wa lugha hii ni mbuni ambaye hajakua. Kiambishi ki- hakitusaidii, kwa sababu "kibuni" kingeleta maana ya kudunisha. Na neno la tatu, "Amerika", ni pana mno, maana yake lawaingiza pamoja ndege wa nyanda za kaskazini, wa Patagonia na wa puna. Aidha neno mbuni lina mizigo yake tayari: mbuni ndege (mbuni huyu, mbuni hawa), mbuni mti wa kahawa (mbuni huu, mibuni hii), na mbuni mtu abuniye jambo (mbuni huyu, wabuni hawa). Si busara kuliongezea mzigo wa nne.

Kiswahili kina njia mbili za kuwaita wanyama wageni. Njia ya kwanza ni kuunganisha. Pundamilia ni mfano mwema, kwa kuwa mnyama huyo kweli ni wa jenasi moja na punda. Bata mzinga ni mfano wa upande wa pili, kwa kuwa ndege huyo si bata hata kidogo. Lakini jina limekwisha kukubaliwa na hakuna atakayelibadili. Njia ya pili ni kukopa. Tausi ni ndege wa Bara Hindi, na jina lake tumelipata kwa Waarabu. Dubu hayupo katika nchi zetu, wala wengi wa wasemao Kiswahili hawajapata kumwona, walakini jina lake lajulikana na watoto. Majina haya yameingia katika ngeli ya ndege na wanyama wasio na kiambishi cha wingi, yakachukua upatanisho wa viumbe hai bila ya taabu: tausi mmoja, tausi wawili, dubu huyu, dubu hawa.

Kwa ndege wetu njia ya pili ndiyo bora. Lakini tukope wapi? Neno la Kilatini Rhea lingekuwa "rea", na kwa wasemaji wengi wasiotenga r na l lingesikika "lea". Zaidi ya hayo ni jina la mungu wa Wayunani, ambalo halituelezi lolote juu ya ndege. Majina ya wenyeji yana manufaa zaidi, na sauti zake si ngeni kwetu. Herufi ñ ya Kiguarani ni ny yetu, kwa hiyo ñandú huwa nyandu. Mkazo tu ndio uhamao kutoka silabi ya mwisho kwenda ya kabla yake, kama ilivyo ada ya Kiswahili. Choyke huwa choike, kwa silabi tatu, na mfuatano wa o na i tunao katika neno goigoi. Tusiifupishe ikawa "choke", tukaichanganya na kitenzi choka. Suri haihitaji badiliko lolote, wala hakuna atakayeichanganya na suria akizingatia irabu ya mwisho.

Hivyo pendekezo letu ni hili: nyandu awe Rhea americana, na jamii nzima iitwe jamii ya nyandu; choike awe Rhea pennata; na suri awe yule wa puna pale inapohitajika kumtenga.

Haja ya kumtenga si ya nadharia tu. Baadhi ya wataalamu wamemhesabu suri kuwa aina ya peke yake, Rhea tarapacensis, na wengine wamemweka chini ya pennata. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe, uliotiwa sahihi Washington mwaka 1973, humweka choike wa Patagonia katika kiambatisho cha pili, ambacho huruhusu biashara kwa masharti, na kumweka yule wa nyanda za juu katika kiambatisho cha kwanza, chenye ulinzi mkali zaidi, kwa kuwa idadi yake ni ndogo na uwindaji na uokotaji wa mayai umemdhuru. Lugha yenye jina moja tu, "mbuni mdogo", haiwezi kuifasiri sheria hiyo, kwa maana haina neno la kumtaja anayelindwa bila ya kumtaja pia anayeruhusiwa.

Yaweza kusemwa kwamba majina matatu mageni ni mzigo kwa mwanafunzi. Dawa yake ni kuyaeleza mara ya kwanza yatajwapo: "choike, ndege mkubwa asiyeruka wa Patagonia". Baada ya hapo jina lasimama peke yake. Mwanafunzi aliyeweza kujifunza dubu bila ya kumwona hatashindwa na choike, na atakapofika kwenye habari za Darwin, au kwenye habari za nyota za kusini, atalikuta jina lilelile likimngoja.